Hakukuwa na Hitilafu: Mzee Subiri Aaga Studio Namba Mbili

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, mpiga gitaa la solo wa Bendi ya Redio atatimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, na atastaafu rasmi. Katika muda huo redio yetu imepata wakurugenzi tisa, nembo nne na mageti matatu, la mwisho likiwa hili linalokwama mvua ikinyesha. Yeye alibadilisha nyuzi tu. Jina lake kamili limo kwenye faili Ofisi ya Utumishi kwa yeyote anayelitaka, lakini kuanzia mlinzi wa zamu hadi mhariri mkuu wa habari anajulikana kwa jina la Mzee Subiri, na mgeni akimwulizia kwa jina lile jingine huambiwa hakuna mtu kama huyo hapa.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa ndimi fundi mitambo niliyemrekodi kwa miaka ishirini na minne. Sababu ya pili aliitaja mwenyekiti wa kamati bila kumumunya maneno: katika habari za Mzee Subiri kuna kosa moja kubwa ambalo ni langu, na ni heri nilieleze kwa mkono wangu kabla wengine hawajalitia chumvi. Nitalieleza. Ila tuanze naye, maana leo ni siku yake.

Aliingia humu akiwa na miaka ishirini na saba, gitaa jekundu mgongoni na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Jopo la usaili lilikuwa na watu watano, na wote walikuwa hoi, kwa sababu tangu asubuhi walikuwa wamesikiliza vijana kumi na wanne wanaopiga gitaa kana kwamba wanakimbizwa. Yeye akapiga noti moja, akaivuta, akaiacha ikae hewani, halafu akanyamaza. Akanyamaza sana. Mwenyekiti wa jopo alidhani kijana amesahau, akaanza kumshukuru kwa kufika. Kijana, bila kuinua uso, akasema, "Subiri." Kisha ikaja noti ya pili, na wanaosimulia wanadai katibu wa jopo aliangusha kalamu. Hilo la kalamu siliamini sana, ila ajira alipata siku hiyohiyo, na jina pia.

Kwa wenzetu wa uhasibu, ambao hawaishi kuniuliza kwenye foleni ya chai anapiga muziki gani hasa: anapiga bluzi na roki. Bluzi ni muziki wa mtu mwenye shida aliyeamua kuisema badala ya kuimeza. Roki ni shida hiyohiyo baada ya kupandishiwa sauti mpaka majirani wahusike. Mzee Subiri hupiga vyote viwili kwa pamoja, na tofauti yake na wengine ni kwamba anaacha nafasi. Wapiga solo wengi wakiona tundu kwenye wimbo hukimbilia kulijaza. Yeye hulizunguka, hulitazama, hulipita. Halafu huushika uzi mmoja, huusukuma kwa kidole mpaka sauti ipande taratibu, huitetemesha pale juu, na wewe uliyevaa vipokea sauti upande wa pili wa kioo unajikuta umebana pumzi. Nimebana pumzi upande ule wa kioo siku nyingi mno, na daktari wa zahanati yetu analijua hilo.

Sauti yenyewe ina mikwaruzo. Ilitokana na ajali. Mwezi wake wa pili kazini, amplifaya yake ilianguka kutoka kwenye gari la matangazo, ikatua kwa kona, na kuanzia siku hiyo ikawa inatoa sauti kama ya mtu aliyeamka na mafua. Mafundi waliokuwapo kabla yangu waliitengeneza mara tatu. Mara tatu yeye aliingia karakana wakati wa chakula cha mchana na kulegeza skrubu ileile. Mwishowe mafundi wakasalimu amri.

Shida ni kwamba hakuna aliyemwambia mtangazaji. Solo ya kwanza ya Mzee Subiri iliporushwa hewani moja kwa moja, Jumamosi alasiri, mtangazaji wa zamu alisikia ile mikwaruzo, akashusha muziki na kusema kwa ile sauti yake nzito ya heshima: "Wasikilizaji wetu, tunaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo." Akaomba radhi na wiki iliyofuata. Na iliyofuata tena. Kwa mujibu wa daftari la zamu, ambalo bado ninalo, redio hii iliwaomba wasikilizaji radhi kwa ajili ya gitaa la Mzee Subiri mara kumi na moja kabla mtu hajapanda ngazi kumweleza mtangazaji kwamba ndivyo linavyopigwa.

Radhi hizo zilimponza, kwa sababu miezi hiyohiyo alikuwa anapeleka posa. Mkewe wa leo, ambaye wengi mnamjua kwa kazi yake ya ukunga na kwa namna anavyotusalimia wote kama ametuzalisha yeye, alikuwa binti wa pekee wa mama mshonaji, mjane, aliyemlea na kumsomesha kwa cherehani moja ya miguu. Mama huyo hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Kwake kazi ilikuwa kitu unachoweza kukishika ikiisha: suruali, pazia, sare ya shule. Wajumbe walipomwambia kijana wao ameajiriwa redio, alifurahi. Akauliza kama anasoma habari. Hapana. Basi ni fundi? Hapana. Anapiga gitaa. Mama akakiweka kikombe chini. "Ni yule ambaye redio yenyewe inamwombea radhi?" aliuliza, na posa ikakaribia kuharibika palepale.

Kilichoiokoa ni ahadi. Kijana alikuwa ameonywa na wajomba zake asifungue mdomo, lakini aliufungua. "Mama," alisema, "hii ni kazi. Nitastaafu kwa kazi hiihii ya gitaa, na barua ya kustaafu nitakuletea wewe kwanza." Mama akamtazama. Wajomba waliokuwapo wanasema alinyamaza kwa muda mrefu kuliko mkwe wake alivyowahi kunyamaza kwenye wimbo wowote. Mwisho akasema, "Haya. Siku utakayoleta hiyo barua, nitaamini." Binti akaolewa. Na kwa miaka thelathini na ushei majirani wakimwuliza mama huyo mkwewe anafanya kazi gani, jibu lilikuwa lilelile: "Yupo yupo tu."

Sisi tulimtania sana kwa hilo. Alicheka nasi, lakini mimi niliyekaa naye saa nyingi najua kwamba neno lile lilimkaa rohoni. Alitaka kustaafu akiwa na gitaa mkononi, si na kitu kingine, na alitaka mama mkwe wake alijue hilo akiwa hai. Kila uamuzi aliofanya kazini tangu siku ile aliupima kwa kipimo hicho.

Sasa habari ya feni. Zamani Studio Namba Mbili ilikuwa na feni kubwa ya kutolea hewa kwenye dari, yenye ngurumo ya chini isiyokatika. Haikuweza kuzimwa kwa sababu swichi yake na ya taa ilikuwa moja, na aliyeifunga alikwisha kuhama. Wakati huohuo kipimo cha sauti cha bendi, kile chuma kidogo chenye ncha mbili ambacho ukikigonga hutoa noti moja safi, kilikuwa kimefungiwa kabatini na mkuu wa Idara ya Muziki, ambaye naye alihama, na ufunguo akaondoka nao. Bendi ikakaa bila kipimo. Mzee Subiri akagundua kwamba ngurumo ya feni inakaribiana mno na uzi wa nne wa gitaa, akatyuni kwa feni, yaani akazilinganisha nyuzi zake nayo. Wenzake wakatyuni kwake.

Basi Bendi ya Redio ikafuata feni kwa miaka kumi na moja. Na feni ilikuwa chini kidogo ya pale panapotakiwa, si sana, kiasi ambacho sikio halilalamiki mpaka lipate cha kulinganisha nacho. Mamia ya nyimbo yalirekodiwa hivyo. Aliyehisi kitu ni mpiga tarumbeta peke yake, kwa kuwa tarumbeta halina nyuzi za kulegeza. Kila siku alivuta lile bomba lake mpaka likakaribia kutoka, na aliandika barua tatu kuomba tarumbeta jipya akidai hili lina homa. Barua zote tatu zilijibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Mwaka wa kumi na mbili ikaja piano mpya. Iliingizwa Jumamosi asubuhi, fundi wake akaityuni kwa kipimo sahihi alichokuja nacho, na alasiri hiyohiyo bendi ilitakiwa kupiga hewani moja kwa moja na mgeni mwalikwa, mwalimu wa piano aliyeheshimika mno, ambaye alikuwa amejifua peke yake. Hakuna aliyewaza kujaribu pamoja. Wimbo wa kwanza ulikuwa utunzi wa Mzee Subiri mwenyewe, bluzi ya mwendo wa pole isiyo na maneno, iitwayo "Sinki na Kikombe Kimoja". Piano ikaanza. Bendi ikaingia. Mimi, mwenye miaka miwili tu kazini, nikadhani mashine zangu zimepata wazimu.

Mwalimu aliyatoa macho lakini hakuacha kupiga. Mpiga besi alivitazama vidole vyake kama si vyake, akaacha. Wa ridhimu naye akaacha. Mpiga tarumbeta akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mtangazaji, yuleyule wa radhi, alikwisha kuanza kuisogelea maikrofoni, na mimi nilikuwa na mkono kwenye kitufe cha kukata matangazo. Mzee Subiri akatuinulia kiganja, sote wawili, tungoje.

Kilichofuata sijakiona tena mahali popote. Piano ilikuwa juu, gitaa lilikuwa chini, na tofauti ilikuwa ileile kwa kila noti. Muda wa kutyuni haukuwepo. Kwa hiyo akaanza kuivuta kila noti kwa kidole mpaka imfikie mwalimu. Si noti moja ya kunogesha, kama kawaida yake. Zote, moja baada ya nyingine, kwa dakika saba. Mpiga ngoma akamshika mwendo. Mwalimu akaelewa anachofanya, akapunguza kasi, akamwachia nafasi, na nafasi ndiyo kitu ambacho mtu huyu anajua kukitumia kuliko yeyote. Kila sauti ilianza chini, ikapanda, ikafika, na kila ilipofika nilihisi kama mimi ndiye niliyefika. Nililia. Mtangazaji naye alilia, na ndiyo maana siku hiyo hakuomba radhi.

Baada ya matangazo Mzee Subiri hakupokea pongezi za mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi, akaizima. Studio ikawa giza na, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, ikawa kimya. Katika giza lile nikamsikia akiugusa uzi wa nne, kisha akicheka mpaka akakaa chini. Nilimwuliza aliwezaje. "Piano imekaa," akasema. "Haiwezi kunifuata. Nikaifuata mimi." Wiki iliyofuata kabati lilivunjwa, na ndani kilikutwa kile kipimo pamoja na nusu pakiti ya biskuti.

Vidole vyake vitatu vilikuwa vimechanika. Jumapili alikwenda kwa mama mkwe kula chakula cha mchana akiwa na plasta, akaulizwa kulikoni, akajibu, "Kazini, mama." Mama akaendelea kula. Alipomaliza kula alifungua droo ya cherehani, akatoa kile kikofia cha chuma ambacho washonaji huvaa kidoleni, akakiweka kando ya sahani yake. Alisema ni ili asimchafulie kitambaa cha meza. Wengi wenu mmekiona kikofia hicho bila kujua kilikotoka. Ndicho anachokivaa kwenye kidole cha mwisho anapotaka uzi utoe ile sauti ya kuteleza, ile inayowafanya madereva wa redio wakae ndani ya magari yao mpaka wimbo uishe.

Bendi ilianza kutyuni kwa kipimo sahihi, feni ikaondolewa, lakini mkono wake ulikuwa umeshajifunza njia ndefu na haukutaka kuiacha. Tangu siku hiyo Mzee Subiri karibu kila noti huianzia chini na kuipandisha. Ndiyo alama yake. Wapiga gitaa ishirini na wawili wamepita mikononi mwake, na wote wanakumbuka somo la kwanza, kwamba nusu saa nzima ya mwanzo gitaa halikuguswa. Amepata tuzo mbili. Moja iko nyumbani kwake, ya pili inazuia mlango wa Studio Namba Mbili usijifunge, na akasema mwenyewe kwamba ile inayozuia mlango ndiyo yenye maana.

Alishawishiwa kuondoka mara kadhaa. Bendi mbili kubwa zilimwita azunguke nazo. Aliombwa pia awe mkuu wa Idara ya Muziki, akaonyeshwa ofisi yenye zulia. Aliuliza swali moja tu: mkuu anapiga saa ngapi? Akaambiwa mkuu hapigi, mkuu huhudhuria vikao. Akashukuru, akarudi studio. Waliodhani hana tamaa ya makuu walikosea. Alikuwa na tamaa moja kubwa sana, ya barua yenye neno gitaa ndani yake.

Na barua hiyo ilikaribia kumponyoka. Miaka miwili iliyopita ulipitishwa muundo mpya wa utumishi, na katika muundo huo nafasi ya mpiga gitaa haikuwemo. Ilionekana nyimbo za zamani zinatosha, na kwamba zikiingizwa kwenye kompyuta hakuna haja ya watu wazima sita kukusanyika chumbani na waya. Waliokaribia kustaafu walipangiwa kazi nyingine. Mzee Subiri akapewa cheo cha Msaidizi wa Maktaba ya Kanda na koti la kijivu. Alilivaa. Alipanga kanda za nyimbo kwa tarehe, alifuta rafu, hakuchelewa hata siku moja. Gitaa lake lilisimama nyuma ya rafu ya mwisho. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya maktaba na kitambaa mkononi. "Nimebakiza miezi ishirini na miwili," akaniambia. "Nilimwahidi mama nitastaafu na gitaa. Sasa nitastaafu na vumbi." Nikarudi chumbani kwangu, nikafanya lile ninalolijua, yaani kazi.

Hapa ndipo penye kosa langu. Kazi yangu ilikuwa kuzihamishia kanda zile kwenye kompyuta. Nilipozisikiliza nikaona zote za enzi za feni ziko chini. Nikajiambia, huyu mzee amepokonywa gitaa, angalau nimwachie nyimbo zilizonyooka. Kwa wiki sita nilizipandisha nyimbo mia nne na kumi na mbili, moja moja, mpaka zikakaa sawa na piano yoyote duniani. Nilipewa barua ya pongezi. Nikaibandika ukutani. Nikamwita Mzee Subiri aje asikilize, akasikiliza wimbo mmoja hadi mwisho, akasema, "Umefanya kazi safi, mwanangu," akarudi maktaba. Nilidhani amefurahi.

Jumatatu, saa tisa alasiri, tukaanza kuzirusha. Wa kwanza ulikuwa "Sinki na Kikombe Kimoja", ule uliorekodiwa kabla ya piano. Haukuwa umefika hata nusu simu ikalia, nikaipokea mwenyewe. Alikuwa mama mtu mzima, na hakuwa na furaha. Simu hiyo nitairudia. Baada yake ikaja nyingine, na nyingine, na kufikia Ijumaa tulikuwa na simu mia moja na tisini na ujumbe ambao hatukuweza kuumaliza kuusoma, na karibu wote walisema jambo moja kwa maneno tofauti. Mmewafanya nini? Bendi yetu iko wapi? Mwenye karakana ya magari alituambia kwamba nyimbo zile zilikuwa zinakaa kwenye kiti na sasa zimesimama wima. Wapiga gitaa kutoka kila upande walilalamika kwamba walijifunza kwa kulegeza nyuzi zao ili wafanane na redio, na sasa redio imewakimbia.

Mkurugenzi wetu wa sasa, mama asiyependa kuletewa muhtasari wa kitu anachoweza kukisikiliza mwenyewe, aliteremka hadi chumbani kwangu. Akataka kusikia wimbo mmoja kwa namna mbili, kabla na baada ya marekebisho yangu. Nilimchezea. Alisikiliza namna zote mbili hadi mwisho, kisha akauliza mpiga gitaa huyu alifariki lini. Nikamwambia hajafariki, yuko ghorofa ya chini, anafuta rafu.

Alikwenda maktaba kwa miguu yake, nami nyuma yake na barua yangu ya pongezi ikinichoma mfukoni, kwa sababu nilikuwa nimeibandua. Akamwomba Mzee Subiri apige. Mzee akavua koti la kijivu, akalikunja vizuri, akalivuta gitaa kutoka nyuma ya rafu. Halikuwa na amplifaya wala spika. Alilegeza nyuzi zote kidogo, kwa kukumbuka tu, mpaka pale feni ilipokuwa, akapiga noti moja. Akanyamaza. Mkurugenzi akafungua mdomo aseme kitu. Nilimgusa kiwiko, jambo ambalo kwa kanuni za utumishi pengine ni kosa la pili, naye akasubiri.

Wiki mbili baadaye bendi ilirudishwa, kipindi cha Jumamosi alasiri kikarudi, na Mzee Subiri akaandikiwa cheo kipya cha Mpiga Gitaa Mkuu, ambacho hakijawahi kuwepo. Nyimbo zote mia nne na kumi na mbili nilizirudisha zilipokuwa, na safari hii nilifanya kazi hiyo kwa furaha. Mkurugenzi akaamua pia kwamba redio iombe radhi. Tukamtafuta yule mtangazaji wa zamani, ambaye alikuwa amestaafu miaka tisa, akaja amevaa suti, akaketi mbele ya maikrofoni yake na kusoma maneno aliyoyaandika mwenyewe: "Wasikilizaji wetu, tunaomba radhi kwa marekebisho. Hakukuwa na hitilafu. Hakujawahi kuwa na hitilafu." Kisha akapandisha muziki. Studio nzima ilipiga makofi, na mpiga tarumbeta alipuliza tarumbeta lake jipya, lililokuwa limefika hatimaye.

Barua ya kustaafu ilitoka mwezi uliopita. Mzee Subiri aliipeleka kwa mama mkwe siku hiyohiyo, kabla hata mkewe hajaiona. Mama ana miaka themanini na sita na bado anapandisha pindo. Alivaa miwani, akaisoma mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye "Mpiga Gitaa Mkuu", akarudi juu, akaanza upya. Akasema, "Haya." Akaikunja, akaitia ndani ya droo ya cherehani. Dakika chache baadaye jirani akaingia kuulizia zipu ya sketi. Kabla hajaketi, mama akamwambia, "Mkwe wangu amestaafu." Jirani akauliza kazi gani. "Gitaa," akajibu. "Miaka thelathini na mitatu. Ulidhani anacheza?" Mzee Subiri alitoka nje akasimama karibu na kamba ya nguo mpaka uso ukakauka.

Anaamini kwamba mama aliamini siku hiyo. Mzee wangu, unayesoma karatasi hii sasa hivi kwenye kiti chako cha mbele, si kweli. Ile simu ya kwanza ya Jumatatu ilikuwa yake. Alinikataza nisikuambie, na nimekaa na siri hiyo karibu miaka miwili mpaka wiki iliyopita aliponipa ruhusa. Aliniuliza kama mimi ndiye fundi, nikasema ndiyo mama. "Mmemfanya nini mkwe wangu?" akasema. "Anapiga kama mtu aliyebanwa na viatu." Nikamweleza, kwa ule ufundi wangu, kwamba nyimbo zilikuwa chini nami nimezisahihisha. Nikasikia cherehani ikisimama. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeshona miaka hamsini. Nguo ikishamkaa mtu, huifumui eti kwa sababu futikamba inasema vingine. Kila siku saa tisa redio yangu iko pembeni ya cherehani. Mguu wangu huu unaufahamu mwendo wa yule bwana tangu binti yangu hajapata mtoto. Irudishe." Akakata.

Kwa hiyo hakungoja barua, Mzee. Barua alikuachia wewe uingoje.

Ruhusa yake ilikuja na sharti moja, kwamba leo upigwe ule wa sinki kama ulivyokuwa mwanzo. Tulimwita fundi wa piano, yuleyule, mzee sasa. Alitusema sana, akatuambia katika maisha yake hajasikia piano ikishushwa kwa ajili ya feni. Kisha akafungua mkoba wake, akafanya kazi siku mbili, akaishusha. Mwalimu wa piano naye amekubali kuja. Leo huna haja ya kumfuata mtu. Piano imekufuata yenyewe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kila noti na kwa kila nafasi uliyoiacha. Nenda na afya, na mkeo, na wajukuu, na asubuhi zisizo na zamu, na Mungu akupe miaka mingi ya kuzitumia. Mama yuko safu ya kwanza, karibu na spika, kwa ombi lake mwenyewe. Panda jukwaani, Mzee wetu, piga ya kwanza. Kabla ya ya pili chukua muda wowote utakao, maana humu ndani leo hakuna mwenye haraka.